Wanawake wa Udongo: Kuzisoma Sanamu za Makaburi ya Tanagra

Mwaka 1870 wanavijiji wa Boeotia, jimbo la Ugiriki lililo kaskazini-magharibi ya Athens, walianza kuyafukua makaburi yaliyojipanga kandokando ya njia za mji wa kale wa Tanagra. Mji wenyewe ulikuwa umekufa karne nyingi, umebaki misingi ya kuta na mawe yaliyotawanyika. Lakini wafu wake walikuwa wamelala na amana zao. Ndani ya makaburi, pamoja na mifupa na vyungu, zilipatikana sanamu ndogo za udongo uliochomwa, nyingi za urefu wa baina ya sentimita 10 na 25, ambazo mtu angeweza kuishika moja kwa kiganja cha mkono.

Kilichowashangaza watu ni sura za sanamu hizo. Ugiriki iliyojulikana hadi wakati ule ilikuwa ni Ugiriki ya marumaru: miungu mikubwa, mashujaa wenye misuli, wafalme na vita vyao. Sanamu za Tanagra hazikuwa na lolote katika hayo. Nyingi ni za wanawake waliosimama kwa utulivu, wamejitanda vitambaa vipana kuanzia kichwani au mabegani hadi miguuni. Mmoja ameshika upepeo, mwengine amevaa kofia pana yenye ncha juu, mwengine ameinamisha kichwa kama anayesikiliza maneno ya mtu aliye karibu. Wamo wasichana wanaocheza, na watoto. Hakuna aliyeandikwa jina. Hakuna anayefanya jambo kubwa. Na swali lililozuka siku ile halijapata jibu moja hadi leo: wanawake hawa ni nani, na kwa nini walizikwa na maiti?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo zito, nalo ni namna walio hai wanavyowasemea wafu wasioweza kujibu. Historia ya kufasiriwa kwa sanamu hizi ni historia ya watu wengi waliotazama udongo na kuona nyuso zao wenyewe.

Wa kwanza kufanya hivyo walikuwa wachimbaji wa vijijini. Kabla ya kuzifikia sanamu za wanawake waliojitanda, ambazo ni za karne ya nne na ya tatu kabla ya Kristo (K.K.), walikuwa wakikuta katika makaburi ya zamani zaidi, ya karne ya sita K.K., sanamu bapa zenye nyuso mfano wa ndege na kofia ndefu kichwani. Wanavijiji wale, Wakristo wa madhehebu ya Kiorthodoksi, waliziona kofia zile zikifanana na kofia za makasisi wao, wakaziita kwa neno lao la “makasisi”. Sanamu zenyewe ni za wanawake, na zimewatangulia makasisi wa Kiorthodoksi kwa karne nyingi. Hata hivyo jina lile lilishika, na wataalamu wanalitumia mpaka leo, ingawa kila mmoja wao anajua kuwa si kweli.

Wa pili walikuwa watu wa mijini. Sanamu za Tanagra zilifika Paris katika miaka ya mwanzo ya 1870, zikapata wanunuzi kwa haraka isiyo ya kawaida, na katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1878 watu walizisongamania. Wafaransa wa tabaka la juu waliwatazama wanawake wale wenye mapepeo na kofia, mikunjo ya nguo na miondoko ya madaha, wakasema hawa ni wanawake wa Paris wa zama za kale. Walichokiona ni mtindo na matembezi ya jioni. Mwaka 1890 msanii Jean-Léon Gérôme alichonga sanamu kubwa ya marumaru aliyoipa jina la Tanagra: mwanamke aliye uchi ameketi juu ya kifusi cha machimbo, sururu ikiwa miguuni pake, na kiganjani ameshika kijisanamu cha mwanamke anayecheza. Kwa kinaya, wanawake wa Tanagra waliojifunika hadi vidole walipata umaarufu wa pili kupitia mwanamke asiye na hata uzi mwilini.

Msomaji wa pwani naye ana mtego wake. Akiziona picha za sanamu hizi, hatakosa kukumbuka buibui na ukaya, na atapata hata shahidi wa kumuunga mkono. Msafiri wa Kigiriki wa karne ya tatu K.K., Herakleides, alieleza kwamba wanawake wa Thebes, mji jirani na Tanagra, walijifunika vichwa na nyuso hata yakaonekana macho tu, na kwamba nguo zao zilikuwa nyeupe. Lakini ushahidi huu ukipimwa vizuri haukubaliani na sanamu. Sanamu zilizojifunika mdomo na pua zipo, ila ni chache. Zilizo nyingi zina uso wazi. Tena nguo zake hazikuwa nyeupe tu. Kufanana si kuwa kitu kimoja, na aliyekwenda na kioo mkononi asishangae kukuta uso wake.

Wataalamu nao waligawanyika mapema. Léon Heuzey, aliyekuwa mtunzaji katika jumba la Louvre, alishikilia kwamba mwanamke aliyejifunika, akawekwa kaburini, hawezi kuwa mpita njia. Lazima awe na maana ya kidini. Alimwona ndani yake Demeter, mungu wa mavuno, aliyejitanda nguo za huzuni kwa ajili ya binti yake Persephone aliyetekwa na Hades, mtawala wa kuzimu. Olivier Rayet, mwenzake wa zama zile, alipinga. Sanamu hizi, alisema, hazina alama yoyote ya miungu: hazina taji, mwenge, wala shuke la nafaka. Ni wanawake wa kawaida wa mji wao, waliotengenezwa ili waandamane na maiti kama walivyoandamana naye maishani.

Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulikosa kitu kile kile: makaburi yenyewe. Baina ya mwaka 1870 na 1873 maelfu ya makaburi ya Tanagra yalifunguliwa na watu wa vijijini na wachimbaji wa magendo waliokuwa wakiwauzia wafanyabiashara wa Athens. Jumuiya ya Akiolojia ya Athens ilimpeleka Panagiotis Stamatakis, yule yule ambaye mwaka 1876 alimsimamia Heinrich Schliemann katika machimbo ya Mycenae. Lakini alipofika, sehemu kubwa ilikuwa imeshaharibiwa. Mchimbaji wa magendo haandiki. Hakuandika kama kaburi lilikuwa la mtoto au la mzee, la mume au la mke. Hakuandika kama sanamu ilikuwa mkononi mwa maiti, kichwani pake, au imetupwa juu ya udongo wakati wa kufukia. Mifupa haikuwa na bei sokoni, basi ilitupwa. Vyungu vilivyovunjika, ambavyo vingeweza kutaja mwaka, vilitupwa pia.

Wapenzi wa mashairi wataifahamu hasara hii kwa mfano ulio karibu nao. Beti moja ikichopolewa ndani ya utenzi, ikaletwa peke yake bila ya beti iliyotangulia wala iliyofuata, bila ya jina la mtunzi wala sababu ya kutungwa, msomaji atazisifu vina na mizani zake, lakini akiulizwa ilisemwa kwa nani na kwa jambo gani, atabuni. Sanamu za Tanagra ni beti zilizochopolewa. Waliozitenga na makaburi yake walizinusuru nakshi wakaipoteza kauli.

Na pengo hilo halikukaa tupu. Waghushi walilijaza. Makaburi yalipoanza kukauka na wanunuzi wakazidi kuongezeka, mafundi wa karne ya kumi na tisa walianza kutengeneza sanamu mpya na kuziuza kama za kale. Kwa kuwa walijua mnunuzi anataka nini, sanamu zao zilikuwa na kila alichokitamani: wapenzi waliokumbatiana, hadithi za miungu zilizokamilika, makundi ya watu watatu au wanne katika kitako kimoja. Baadhi zilinunuliwa na majumba makubwa ya makumbusho na kuchapishwa vitabuni, wataalamu wakazifasiri kwa bidii. Yaani baadhi ya fasiri za imani za Wagiriki wa kale zilisimama juu ya udongo uliochomwa jana.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ilipatikana njia ya kupima. Udongo uliochomwa hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutokana na mnunurisho wa asili ulio katika ardhi. Ukipashwa moto tena, nguvu hiyo hutoka kama mwanga hafifu, na kiasi cha mwanga hueleza takriban ni muda gani umepita tangu udongo uchomwe. Kipande kidogo kilichokwanguliwa chini ya sanamu kinatosha kuutenganisha mkono wa karne ya nne K.K. na mkono wa mwaka 1880. Sanamu nyingi zilizopendwa ziliondolewa katika safu ya ukweli.

Zile zilizobaki zilianza kuulizwa maswali mapya. Badala ya kumuuliza mwanamke wa udongo “Wewe ni nani?” wataalamu walimuuliza “Umetengenezwaje?” Na hapo udongo ukasema. Sanamu hizi hazikufinyangwa moja moja. Mfinyanzi aliubana udongo laini ndani ya kalibu ya mbele, akaunganisha na mgongo uliotengenezwa kwa mkono au kwa kalibu ya pili, akaacha tundu nyuma ili mvuke upate pa kutokea wakati wa kuchomwa. Kichwa kilitoka katika kalibu nyingine, na mikono pia mara nyingi. Kwa hiyo kichwa kimoja huonekana juu ya viwiliwili mbalimbali, na kiwiliwili kimoja huvaa vichwa tofauti. Huyu akapewa upepeo, yule kofia, huyu akageuzwa shingo kidogo kabla udongo haujakauka. Kalibu chache zilizaa umati ambao hakuna wawili waliofanana kabisa, kama bahari moja ya ushairi inavyobeba maneno ya watunzi mia.

Baada ya kutoka jokoni sanamu iliyokuwa imepakwa udongo mweupe laini ilitiwa rangi: buluu ya Kimisri, waridi ya mizizi ya mmea, nyekundu, na kwa zile za thamani, dhahabu pembezoni mwa vazi. Rangi hizo zilipakwa baada ya kuchomwa, hivyo hazikushikamana imara. Nyingi zimebanduka, na ndiyo maana watu walizoea kuziona sanamu za Tanagra zikiwa nyeupe na za majonzi, ilhali siku zilipotoka kwa fundi ziling'ara kama nguo za sikukuu.

Uchimbaji uliofanywa kwa utaratibu mahali pengine ulibomoa dhana nyingine mbili. Katika soko kuu la kale la Athens, mtaalamu wa Kimarekani Dorothy Burr Thompson alizichunguza kalibu na vipande vilivyopatikana katika visima na majaa, na mwaka 1966 akaonyesha kwamba mtindo huu ulianzia Athens, si Tanagra. Tanagra iliupokea tu, na jina lake likashika kwa sababu makaburi yake ndiyo yaliyoporwa kwanza. Pili, sanamu za namna hii hazikupatikana makaburini peke yake. Zimepatikana katika nyumba na katika mahali pa ibada. Kwa hiyo hoja ya kwamba kitu kilichokutwa kaburini kilitengenezwa kwa ajili ya kaburi haina nguvu tena. Sanamu iliyoishia kwa maiti huenda ilianza safari yake rafuni, karibu na kitanda cha msichana.

Hapa lugha inasaidia kuliko sururu. Wagiriki wa kale walimwita mtengenezaji wa sanamu hizi kwa jina linalotokana na neno *kore*. Kazi yake haikuwa na heshima: katika karne ya nne K.K. msemaji Isocrates, akitaka mfano wa dharau iliyopita mpaka, alisema ni kama mtu kumwita Pheidias, mchongaji mkuu wa sanamu ya Athena, mfinyanga *kore*. Lakini neno lenyewe lina utajiri ambao mshairi wa Kiswahili, aliyelelewa kwa jinasi, atauonea wivu. *Kore* ni msichana. *Kore* ni mwanasesere. *Kore* ni mboni ya jicho, kwa kuwa anayetazama ndani ya jicho la mwenziwe huona mfano mdogo wa mtu. Na Kore ni jina la Persephone mwenyewe, binti aliyechukuliwa kuzimu kabla hajawa mke wa mtu kwa ridhaa yake.

Heuzey na Rayet waligombana kama sanamu ni mungu au ni binadamu. Lugha ya waliozitengeneza haikuwalazimisha kuchagua. Kuna shairi fupi la Kigiriki linalosimulia juu ya msichana aitwaye Timareta, ambaye kabla ya ndoa yake anampelekea Artemis ngoma yake, mpira wake, wavu wa nywele zake, wanasesere wake na nguo za wanasesere hao. Mtunzi wake, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anacheza na neno hilo hilo moja: mwanamwali anampa mwanamwali wanamwali. Naye Plato, katika mazungumzo yake ya *Phaedrus*, anamweleza Socrates akifika chini ya mti kando ya mto Ilissos na kutambua kwamba mahali pale ni patakatifu pa wasichana-roho wa maji, kwa kuona sanamu na *kore* zilizowekwa hapo.

Kutokana na haya baadhi ya wataalamu wa karibuni, miongoni mwao Violaine Jeammet aliyesimamia maonyesho makubwa ya Tanagra katika Louvre mwaka 2003, wamezihusisha sanamu hizi na kuvuka daraja za maisha, hasa kutoka usichana kwenda ndoa. Kwa fasiri hiyo, msichana aliyeolewa aliziacha sanamu zake kwa mungu. Aliyekufa kabla ya siku hiyo hakuwa na pa kuziacha, basi akazikwa nazo. Fasiri hii haielezi kila kaburi, lakini ina sifa moja: inasimama juu ya maneno na desturi za wenyewe. Nayo inaumiza kwa namna ambayo mapepeo ya Paris hayakuumiza.

Tanagra ilikuwa pia na sauti yake katika ushairi. Mtunzi Corinna alitoka mji huo. Wataalamu wanabishana kama aliishi karne ya tano au ya tatu K.K., lakini juu ya kwao hapana ubishi. Pausanias, msafiri wa karne ya pili baada ya Kristo, aliliona kaburi lake mahali pa wazi mjini, na katika ukumbi wa mazoezi akaiona picha yake akijifunga utepe wa ushindi kichwani, kwa kuwa alimshinda Pindar katika mashindano ya ushairi huko Thebes. Pausanias alidhani alishinda kwa sababu mbili: aliimba kwa lahaja ya watu wa nyumbani, na alikuwa mzuri wa sura. Sehemu kubwa ya kazi yake imepotea. Vipande virefu vilivyosalia vilihifadhiwa Afrika, katika karatasi ya mafunjo iliyopatikana Hermopolis nchini Misri na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1907.

Katika mabaki hayo ya mashairi yake Corinna anawataja wanawake wa Tanagra, ambao ndio anaowaimbia, na kuyataja mavazi yao meupe. Ni rahisi kiasi gani kuliunganisha shairi na udongo! Wanawake weupe wa shairi, sanamu nyeupe za kaburini: nani asiyetaka ziwe ni kitu kimoja? Lakini weupe wa sanamu ni udongo wa chini uliobaki baada ya rangi kubanduka. Mfinyanzi alimvika mwanamke wake buluu na waridi. Shairi na sanamu zinatoka katika mji mmoja, na bado hazisemi jambo moja. Anayeheshimu vyote viwili atauacha ubishi huo ubaki.

Ardhi hiyo hiyo ina mfano wa udongo unaojieleza. Kuanzia mwaka 1969 mwanaakiolojia Theodoros Spyropoulos alichimbua karibu na Tanagra majeneza ya udongo ya karne ya kumi na tatu K.K., yaliyochorwa wanawake waliopanga safu, mikono yao ikiwa vichwani. Hapo hakuna anayehitaji mfasiri mkubwa. Mwenye kufiwa anajua mikono ile inasema nini. Tena majeneza hayo yalichimbuliwa kwa utaratibu, kila moja mahali pake. Miaka elfu moja baadaye, katika bonde hilo hilo, watu waliwaweka wafu wao pamoja na wanawake wasiolia, waliosimama tu na nguo zao nzuri.

Desturi hiyo ilivuka bahari. Iskandaria, mji ulioanzishwa mwaka 331 K.K., ulizikwa watu wake wa mwanzo katika makaburi ya Chatby na Hadra, na humo pia zimepatikana sanamu za wanawake waliojitanda. Zipo zilizofinyangwa kwa udongo wa mto Nile: mtindo wa Athens, mikono ya Misri, na maiti wa ugenini. Kwa wahamiaji wale, sanamu hizo huenda zilikuwa na maana ya nyumbani zaidi ya maana nyingine yoyote.

Lipo jambo moja ambalo picha za vitabuni haziwezi kulionyesha, kwa sababu sanamu hupigwa picha kutoka mbele. Ukiigeuza sanamu ya Tanagra, aghalabu utakuta mgongo wake ni wa haraka: mikunjo ya nguo imekatishwa, rangi haikufika, na tundu la mvuke liko wazi. Ilitengenezwa ili itazamwe na aliye hai, aliyesimama mbele yake kwenye mwanga. Kisha mtu, mama pengine, aliichukua akaishusha mahali pasipo na mwanga wala mtazamaji. Na kwa ndani, katika zile zilizovunjika, zinaonekana alama za vidole vya mfinyanzi aliyeubana udongo ndani ya kalibu. Jina lake halijulikani, wala la msichana aliyezikwa nayo. Vidole vile ndivyo saini pekee iliyobaki, na ndiyo ambayo hakuna mghushi aliyefikiri kuiuza.